Mifupa ya ukuta wa Kariokor

Kila jirani alipofunga mlango kwa kishindo, kalenda iliyotundikwa sebuleni kwa shangazi yangu ilicheza. Kioo cha kunyolea, picha ya harusi na rafu yenye Biblia na dawa za presha navyo vilitikisika kidogo, kisha vikatulia. Tuliishi na mtikisiko huo miaka mingi hata tukauona kuwa tabia ya nyumba. Ukuta wenyewe ulikuwa patisheni ya mbao na hadibodi, urefu wa futi 10, mlango ukiwa pembeni yake. Ndio uliokigawa chumba kimoja cha Kariokor, Nairobi, kuwa viwili: huku wageni wanakaa, kule watu wanalala.

Bomba lilipopasuka ghorofa ya juu, bodi ikanywa maji, ikavimba na kuachia misumari. Shangazi alitaka jambo dogo tu: bodi mpya na rangi mpya, yote yaishe kabla ya chama kukutana kwake Jumapili. Fundi aliibandua bodi ya kwanza, akaweka vidole viwili kwenye nguzo iliyokuwa nyuma yake, akasukuma. Ukuta mzima ulikwenda na kurudi.

"Mama," akamwambia, "bodi si tatizo. Tatizo ni hiki kilichokuwa kinaishika."

Nimewaona watu wengi wakifika hapo na kupita. Mbao zinaonekana siku moja, pengine nusu siku, kisha zinafunikwa kwa miaka 20 mingine. Bodi ni ngozi, na nguvu ya ukuta imo mifupani. Ukiwa umeshalipa fundi, umeshahamisha kitanda na umeshafagia vumbi, kazi iliyobaki ya kuimarisha mifupa ni ndogo kuliko ile uliyokwisha kuifanya. Ukifunika bila kugusa, utairudia yote.

Patisheni za namna hii zimejaa Kariokor, na chanzo chake ni cha zamani kuliko ghorofa zilizopo. Jina la mtaa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobeba risasi na chakula cha jeshi la Waingereza lililopigana na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu yao walikufa, na magonjwa yaliwaua wengi zaidi kuliko risasi. Ulimi wa Kiswahili ukalilainisha jina hilo, Dar es Salaam likawa Kariakoo, Nairobi likawa Kariokor. Ukipita Kenyatta Avenue, zitazame sanamu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi hao.

Mwaka mmoja baada ya sanamu hizo, 1929, baraza la mji lilijenga Kariokor mabweni ya wafanyakazi wanaume. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia: aje peke yake, afanye kazi, arudi kwao. Mtu wa aina hiyo alihitaji kitanda tu, na kitanda hakihitaji ukuta wa kati. Ni mwaka 1954 ndipo kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilipopendekeza mshahara wa Mwafrika utoshe yeye na familia yake. Ghorofa za Kariokor zilifuata katika miaka ya 1960, lakini fikra ya chumba kimoja kwa mtu mmoja ilikuwa imeshajengwa kwa mawe katika mitaa mingi ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi.

Familia zilikuja hata hivyo. Mke alifika na mtoto mgongoni, akatazama chumba, akatundika leso kwenye kamba. Baadaye leso ikawa pazia zito, pazia likawa kadibodi, kadibodi ikawa hadibodi iliyopigiliwa kwenye mbao za mbili kwa mbili. Ndiyo maana siwezi kuidharau patisheni ya Kariokor. Mara nyingi ndio ukuta pekee wa nyumba ambao wakaaji walijijengea wenyewe, kwa fedha ndogo, ili mzazi na mtoto wasivuliane nguo machoni. Unastahili kujengwa vizuri.

Na si kwamba watu hawakujua. Vuka uende Pumwani, mahali palipotengwa kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, ukaulize jinsi nyumba za Majengo, mtaa wa huko huko, zilivyosimamishwa. Kwanza nguzo, kisha fito zikafungwa huku na huku, mwisho udongo ukakandikwa. Hakuna aliyeanza na udongo. Pwani nako miti ya mikoko iliuzwa kwa majina ya unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Lugha yetu iliwapanga wabebaji wa mzigo kwa daraja kabla ya kumtaja anayefunika. Bodi za kiwandani zilipokuja, zikiwa zimenyooka na kupendeza, macho yetu yalihamia usoni.

Basi ukuta wa shangazi ulikuwa na makosa gani?

Kosa la kwanza lilikuwa juu. Ubao wa juu, ule ambao mafundi wa pwani huuita mtambaapanya, haukushikwa na chochote. Aliyeujenga aliuacha chini kidogo ya zege la dari, kisha akachomeka kartoni iliyokunjwa ili usicheze. Kartoni ilikauka, ikasinyaa, na ukuta ukabaki umesimama kama mtu aliyeshikwa miguu tu. Chini nako misumari miwili ya zege ilikuwa imeshika kutu. Nadhani nusu ya mtikisiko tuliouvumilia ilitoka kwenye kipande kile cha kartoni.

Fundi alitoboa zege kwa drili kila baada ya futi 2, juu, chini na ubavuni, akatumbukiza plagi za plastiki na kukaza kwa skurubu ndefu. Chini ya ubao wa sakafuni alitandika ukanda wa nailoni nzito kwa sababu sakafu ya nyumba hizi hupigwa deki kila asubuhi, na mbao inayolala juu ya zege lenye unyevu huoza kimyakimya. Bodi zenyewe baadaye aliziinua nusu inchi kutoka sakafuni, kisha akaliziba pengo kwa ubao mwembamba wa pembeni. Jipsamu inayogusa maji ya deki huyanywa kama utambi.

Kosa la pili lilikuwa nafasi kati ya nguzo, na hapa nilijifunza hesabu ambayo sikuwahi kuifikiria. Bodi ya kawaida ina upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Futi 4 ni inchi 48. Ndiyo maana mafundi hupanga nguzo kila inchi 16 au kila inchi 24: namba zote mbili huingia kwenye 48 bila baki, na ukingo wa kila bodi huangukia katikati ya mbao. Nguzo za shangazi zilikuwa inchi 36 kutoka moja hadi nyingine. Kingo za bodi zilikuwa zinaning'inia hewani, zimeunganishwa kwa utepe na rangi.

Wazo lililonijia, na nadhani humjia kila mtu, lilikuwa kuongeza nguzo moja katikati ya kila mbili. Fundi alinipa tepu bila kusema neno. Nusu ya 36 ni 18, na 18 haiingii kwenye 48. Bodi ya kwanza ingeishia inchi 6 kabla ya kuifikia nguzo ya nne. Tungeongeza mbao na bado ukingo ungebaki hewani. Akaanza upya kutoka ukuta wa mawe: 16, 32, 48, 64, mpaka mwisho. Palipokuwa na nguzo 5 pakawa na 9.

Tatu, unene. Mbao ya mbili kwa mbili inatosha kushika pazia, haitoshi kushika ukuta. Uwezo wa mbao kukataa kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kina chake. Chukua kina cha inchi 2: mbili mara mbili mara mbili ni 8. Chukua inchi 3: tatu mara tatu mara tatu ni 27. Kwa inchi moja ya ziada, nguzo inakuwa ngumu zaidi ya mara tatu. Lakini sharti inchi 3 zielekee upande wa kusukumwa, yaani zikatishe ukuta kutoka chumba hadi chumba. Nimeona nyumba ambamo tatu kwa mbili zimelazwa ubapa ili kuokoa nafasi, na mwenye nyumba akabaki akijiuliza kwa nini mbao nzuri hazikusaidia.

Nafasi si jambo dogo Kariokor. Nguzo za inchi 3 na bodi ya jipsamu kila upande hufanya ukuta wa karibu inchi 4, ilhali wa zamani ulikuwa zaidi kidogo ya inchi 2. Shangazi alipima kitanda mara mbili kabla ya kukubali. Mahali ambapo hata inchi hizo hazipatikani, fundi anaweza kuziacha mbao za mbili kwa mbili, akazipanga kila inchi 16, akazifunga kwa plaiwudi badala ya jipsamu, kwa kuwa plaiwudi yenyewe huongeza nguvu. Hautakuwa ukuta uleule, lakini kalenda haitacheza sana.

Katikati ya nguzo, kwenye kimo cha futi 4, alipigilia vipande vya kukingama, kimoja juu kidogo na kinachofuata chini kidogo ili msumari upite mwisho wa kila kipande. Vipande hivyo huzuia nguzo kujisokota. Kwenye miimo ya mlango alipachika nguzo mbilimbili, maana mlango ndio unaoupiga ukuta mara nyingi kila siku. Kisha akauliza swali ambalo wengi husahau kuuliza: "Televisheni itakaa wapi? Na rafu ya dawa?" Hapo akaingiza vipande vipana vya plaiwudi nene kati ya nguzo, nyuma ya mahali bodi itakapopita. Skurubu inayoshika jipsamu pekee hutoka siku moja na kipande cha ukuta. Ile inayoshika plaiwudi iliyofichwa haitoki.

Kazi ikiendelea, jirani mmoja alisimama mlangoni na kushauri kwa nia njema: kwa nini msijenge ukuta wa mawe mkamaliza mara moja? Naujibu hapa kwa sababu ushauri huo husikika sana na una hatari. Ukuta wa mawe wa inchi 6, urefu wa futi 10 na kimo cha futi 8, una uzito wa takriban tani 2. Ukuta wa mbao na jipsamu wa ukubwa uleule hauzidi sana kilo 200. Kwenye ghorofa ya juu, zege la sakafu lililokadiriwa kubeba watu na vitanda halikukadiriwa kubeba tani 2 katika mstari mmoja pasipo na mhimili chini yake. Jiji hili limekwisha kuona majengo yakishindwa kubeba. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la mtaa wa Huruma lilianguka na watu wapatao 50 wakafa. Sababu za jengo lile zilikuwa zake, lakini jumba lolote lina kikomo cha mzigo, na mpangaji hakioni kwa macho. Kwa hiyo usiongeze mawe, na usibomoe ukuta uliojengwa na jengo lenyewe ili kupanua chumba, mpaka mhandisi aje aone. Tena nyumba hizi ni za kupanga. Hata patisheni nyepesi, omba ruhusa kwa maandishi kwanza.

Mbao tulizifuata katika soko la Gikomba, mwendo wa miguu kutoka Kariokor. Nyingi ni saiprasi, nyingine msonobari wa Tanzania ulioanza kumiminika baada ya serikali kusimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018. Zuio hilo lilitangazwa kuondolewa mwaka 2023. Chochote unachonunua, kitazame kwa urefu, jicho likiwa kwenye ncha moja, uone kama kimenyooka. Kisha kiinue. Mbao nzito kupita kiasi bado ina maji, na ikikaukia ndani ya ukuta itajipinda na kusukuma skurubu nje. Ziegemeze ndani ya nyumba wiki moja ukiweza. Sisi tulikuwa na siku 3, nazo zilitosha kuonyesha mbili zilizopinda, tukazirudisha. Na usikubali kupakiwa oili chafu. Huko nje kwenye uzio watu huitumia kufukuza mchwa, ndani ya nyumba inanuka, inapenya rangi, na inawaka.

Ukishataja Gikomba huwezi kuacha kutaja moto. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 soko hilo liliungua na watu 15 wakapoteza maisha. Sijaishi karibu na Gikomba bila kunusa moshi wake, ndiyo maana nilisisitiza jipsamu badala ya bodi laini za nyuzi za mbao ambazo ni rahisi. Jipsamu ni jiwe lenye maji ndani ya umbile lake, kiasi cha asilimia 21 ya uzito. Moto unapoipiga hauna budi kwanza kuyafukuza maji hayo yawe mvuke, na muda wote huo upande wa pili wa ukuta hauwi na joto kali. Si kwamba haishindwi. Inakupa dakika, na katika chumba chenye mlango mmoja na watoto waliolala kule ndani, dakika ndizo unazozihitaji. Kwa ukuta chukua ya milimita 12. Ya milimita 9 ni ya dari, hata kama muuzaji atakuambia vingine. Pale maji yanaporuka, karibu na sinki au bafu, jipsamu ya kawaida haifai. Weka bodi ya saruji.

Ndani ya ukuta wa zamani tulikuta waya uliopitishwa bila bomba, umefungwa kwa utepe mahali ulipounganishwa, ukiwa umelala juu ya mbao kavu kama kuni. Umeme ukazimwa, fundi wa umeme akaitwa, waya mpya ukapita ndani ya bomba la plastiki katikati ya nguzo, mahali ambapo skurubu ya bodi haitaufikia. Tulikuta pia kunguni. Walijaa kwenye mianya ya hadibodi na katika vichwa vya misumari, na shangazi, aliyekuwa amepiga dawa godoro kila mwezi kwa miaka, aliketi kitini kimya kwa muda. Tulipiga dawa mbao zote zikiwa wazi, tukaacha chumba siku nzima, kisha kila mwanya ukazibwa kabla ya bodi kurudi.

Tahadhari nyingine mbili, kwa wenye nyumba za zamani popote. Bodi ngumu ya kijivu inayovunjika kama kigae inaweza kuwa na asbesto. Usiikate, usiitoboe, usiivunje. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu taka ziliihesabu kuwa taka hatari, na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ndiye wa kuiondoa. Rangi za zamani nazo zaweza kuwa na madini ya risasi. Zilowanishe kwanza, usizisugue zikiwa kavu mbele ya watoto.

Lililonigusa zaidi ni sauti. Patisheni dhaifu haimfichi mtu. Katika nyumba kama ile mtoto hujua deni la kodi kabla ya kujua kusoma, na wazazi hugombana kwa kunong'ona. Uzito huzuia sauti, na jipsamu ni nzito kuliko hadibodi mara kadhaa, kwa hiyo nusu ya kazi ilikwisha kufanyika. Kati ya nguzo fundi alijaza sufu ya mawe, ile inayouzwa kwa marobota, ambayo haiungui. Mtu mmoja alipendekeza nguo kuukuu za mitumba. Hapana: zinawaka, na zinawaita kunguni warudi. Mwisho alizunguka kingo zote, juu, chini na pembeni, akaziba kwa gundi laini isiyopasuka. Sauti hupita penye upenyo kama maji, na upenyo wa unene wa sarafu unaweza kuharibu kazi ya bodi nzima.

Gharama ya mbao ilizidi makadirio ya kwanza zaidi ya mara mbili. Shangazi alilalamika, kwa haki, maana ni fedha aliyoiweka shilingi kwa shilingi. Rangi ikaahirishwa mwezi mmoja. Jumapili ile wanachama wa chama waliketi mbele ya ukuta mweupe wenye mistari ya jipsamu kwenye viungo, na mmoja aliugonga kwa kifundo cha kidole, akaugonga tena, akamwomba shangazi namba ya fundi.

Lakini kabla bodi za mwisho hazijapigwa, shangazi alikuwa ameomba tepu. Alipima mwenyewe kutoka ukuta wa mawe, polepole, akataja namba, nami nikaziandika nyuma ya daftari la chama: nguzo ziko inchi 16 kwa 16. Plaiwudi ya televisheni, kimo cha futi 4 na nusu, kati ya nguzo ya tatu na ya tano. Plaiwudi ya rafu, kimo cha futi 5. Bomba la waya, futi 1 kutoka sakafuni, halafu linapanda kando ya mlango. Akaniambia niandike na tarehe.